Bima ya Afya kwa Wote: Kwa Nini Mzima Achangie Kabla Hajaugua

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mwezi Novemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaitia saini kabla ya mwaka huo kwisha. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mkazi wa Tanzania Bara anatakiwa kuwa ndani ya utaratibu wa bima ya afya, awe mtumishi wa umma, mwajiriwa wa kampuni, mkulima, mvuvi, mama lishe au mtu asiye na uwezo wa kuchangia.

Maelezo ya sheria hiyo yamekwishatolewa mara nyingi bungeni, redioni na katika mikutano ya vijiji na mitaa. Hata hivyo, kwa mwananchi wa Tanga na ukanda mzima wa pwani ya kaskazini, swali kubwa zaidi halihusu vifungu vya sheria. Linahusu mfuko wake: kwa nini mtu mzima, ambaye mwaka mzima umepita bila kumeza hata kidonge, atoe fedha leo kwa ajili ya ugonjwa ambao hajaupata?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Makala haya yanaeleza msingi wa mageuzi hayo, yanatazama njia ambayo nchi imepita hadi kuyafikia, na yanaonesha kwa nini Mkoa wa Tanga tayari una uzoefu unaosaidia kulijibu.

Bandu bandu huisha gogo

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Tanga una wakazi 2,615,597. Wengi wao hawapokei mshahara wa mwisho wa mwezi. Wavuvi wa Pangani, Mkinga na Jiji la Tanga hutegemea bahari, na bahari ina majira yake. Kusi linapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo hushindwa kwenda mbali na kipato cha nyumba hupungua. Akina mama wanaotafuta pweza miambani husubiri maji ya bamvua. Mkulima wa machungwa wa Muheza husubiri msimu, na mkulima wa mboga na matunda wa Lushoto husubiri bei ya soko.

Ugonjwa, kwa upande wake, hausubiri msimu. Mtoto anaweza kupata homa kali wakati wa kusi, na mzee anaweza kuvunjika nyonga wiki ile ile ambayo akiba ya nyumba imekwenda kwenye sare za shule. Asiye na bima hulipa kwa utaratibu unaojulikana kama papo kwa papo: fedha ya kumwona daktari, ya vipimo, ya dawa na ya kitanda, kila moja kwa wakati wake. Juu ya hizo kuna nauli ya mgonjwa na chakula cha ndugu anayemuuguza.

Kwa kaya yenye akiba kidogo, malipo hayo hufanya kile kinachosemwa na wahenga: bandu bandu huisha gogo. Kwanza huuzwa kuku, kisha mbuzi, kisha hukopwa kwa mwenye chombo au kwa mnunuzi wa samaki, na mwisho huwekwa rehani kipande cha shamba la minazi. Mgonjwa anaweza kupona, lakini nyumba ikabaki na jeraha la miaka.

Madhara mengine hayaonekani haraka. Mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari anahitaji dawa kila siku, hata anapojisikia vizuri. Akilazimika kuzinunua kwa fedha taslimu, hupunguza dozi mwezi ambao samaki ni wachache. Anaporudi hospitali miaka michache baadaye akiwa amepooza upande mmoja, au akiwa na kidonda kisichopona, gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya dawa alizoziacha. Hivyo, malipo ya papo kwa papo humwumiza maskini na pia huifanya tiba yenyewe kuwa ghali zaidi kwa taifa.

Kutoka tiba ya bure hadi kuchangia

Huduma za afya nchini hazikuwa za kulipia siku zote. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini na kutoa matibabu bila malipo katika vituo vyake. Mwaka 1977 hospitali binafsi zinazoendeshwa kwa faida zilipigwa marufuku, na ziliruhusiwa tena mwaka 1991. Kufikia wakati huo uchumi ulikuwa umeyumba, dawa zilikuwa haba, na huduma iliyokuwa bure ilimaanisha mara nyingi kuandikiwa dawa ambayo haipo. Mwaka 1993 Serikali ilianzisha utaratibu wa kuchangia gharama, ukianzia katika hospitali kubwa.

Tanga ina kumbukumbu nyingine inayofaa kuzingatiwa. Enzi za ustawi wa mkonge, mashamba makubwa yalikuwa na zahanati zao kwa ajili ya wafanyakazi. Aliyekuwa shambani alitibiwa kwa sababu ya kazi yake. Bei ya mkonge iliposhuka katika soko la dunia na mashamba mengi kudorora, kazi ilipotea, na kinga ile ya matibabu ikapotea pamoja nayo. Somo lake lipo wazi: kinga ya afya iliyofungamanishwa na ajira peke yake hudumu kadiri ajira inavyodumu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuanzisha mifuko. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa wananchi wa vijijini uliundwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliojaribiwa kwanza Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Kaya ilichangia kiasi kidogo kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu uliopewa jina la tele kwa tele. Mijini utaratibu kama huo uliitwa Tiba kwa Kadi, yaani TIKA.

CHF ya mwanzo ilikuwa na upungufu ambao wanachama wake wanaukumbuka: kadi ilitumika katika eneo dogo la mwanachama, na mgonjwa aliyepewa rufaa alijikuta analipa upya. Mwaka 2018 ilianzishwa CHF iliyoboreshwa, ambapo kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi na kuhudumiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Pamoja na maboresho hayo, wakati Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote unaandaliwa, takwimu za Serikali zilionesha kwamba ni takriban Watanzania 15 tu kati ya kila 100 waliokuwa na bima ya aina yoyote. Kwa wengine wote, kujiunga kulikuwa hiari, na wengi hawakujiunga.

Hesabu ya kaya mia moja

Ili kuelewa kwa nini hiari haikutosha, inafaa kufanya hesabu nyepesi. Tuchukulie kwamba kijiji kina kaya 100, na kila kaya inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mfuko unapata shilingi 3,000,000. Katika mwaka huo kaya 10 zinapata ugonjwa mkubwa, na kila moja inahitaji matibabu ya shilingi 200,000. Mfuko unalipa shilingi 2,000,000, na shilingi 1,000,000 inabaki kwa magonjwa madogo na dawa.

Sasa tuchukulie kwamba kujiunga ni hiari na kaya nyingi zinasema, "tutajiunga tukiugua." Zinajiunga kaya 20 tu, na miongoni mwake ni zile 10 zenye wagonjwa, kwa kuwa ndizo zenye haja kubwa zaidi. Mfuko unakusanya shilingi 600,000 na unadaiwa 2,000,000. Ili ujitosheleze, mchango lazima upande hadi shilingi 100,000 kwa kaya. Kwa bei hiyo, kaya 10 zisizo na wagonjwa zinajitoa. Zinabaki 10, na kila moja inatakiwa kuchangia shilingi 200,000, yaani gharama ileile ambayo ingelipa bila bima. Hapo mfuko umekufa, ingawa hakuna aliyeiba wala aliyekosea hesabu.

Mfano huo ni wa kufikirika, lakini jambo lenyewe limewahi kujitokeza nchini. NHIF ilikuwa na mpango wa Toto Afya Kadi, ambapo mtoto mmoja aliandikishwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mfuko ulieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa, na gharama za matibabu zikazidi sana michango. Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ulisitishwa, na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule, ili wazima na wagonjwa waingie pamoja. Uamuzi huo uliwaumiza wazazi wenye watoto wenye maradhi ya kudumu, na malalamiko yao yalisikika. Ulionesha pia kwamba mfuko unaosubiri wagonjwa peke yao hauwezi kuwalinda hata hao wagonjwa.

Bima si upatu

Sehemu ya ugumu wa kuelewa bima inatokana na kuifananisha na upatu. Katika upatu kila mwanachama hupata zamu yake, na anayechangia bila kupokea ana haki ya kudai. Anayeitazama bima kwa jicho hilo huona kwamba amepoteza fedha zake kila mwaka anaoumaliza bila kuugua.

Mfano ulio karibu zaidi na bima tayari upo katika mitaa ya Tanga na sehemu nyingi nchini: chama cha kufa na kuzikana. Wanachama huchangia, na anayefikwa na msiba husaidiwa sanda, usafiri na chakula cha waombolezaji. Hakuna mwanachama anayedai arudishiwe mchango kwa sababu mwaka umepita bila yeye kufiwa. Kila mmoja anaelewa kwamba kutofiwa ni heri, na kwamba mchango wake ulikuwa na kazi kwenye msiba wa jirani. Tena chama hicho hakimpokei mtu anayekuja kujiandikisha siku ambayo maiti iko ndani. Kanuni ya bima ya afya ni hiyo hiyo, isipokuwa inasaidia mtu angali hai.

Pwani ya Tanga ina mfano mwingine, unaotoka katika sekta ya afya yenyewe. Kwa miaka mingi ukanda huu ulisumbuliwa na matende na mabusha, maradhi yanayosababishwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Mwaka 2004 mkoa ulianza kampeni ya kumeza kingatiba, yaani dawa za ivermectin na albendazole, ambazo hugawiwa kwa jamii nzima mara moja kwa mwaka. Wengi walishangaa kwa nini mtu asiye na uvimbe wowote ameze dawa. Sababu ni kwamba vimelea vinaweza kukaa mwilini bila dalili, na mbu hawachagui nyumba. Dawa ikimezwa na wagonjwa peke yao, maambukizi huendelea. Ikimezwa na karibu watu wote, mnyororo hukatika. Katika miaka iliyofuata, tafiti zilizofanyika mkoani zilionesha kwamba maambukizi yalishuka sana.

Bima inafanana na kingatiba hiyo. Nguvu yake inatokana na wingi wa wanaoshiriki, hasa wale ambao kwa siku hiyo hawajioni kuwa na haja nayo.

Msamaha bila mlipaji

Wapo wanaouliza kwa nini Serikali isitoe msamaha kwa wasio na uwezo na kuwaacha wengine walipe. Msamaha umekuwepo kwa muda mrefu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wenye baadhi ya magonjwa ya kudumu. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee.

Ugumu uko mahali pengine. Mzee anapopata huduma kwa msamaha, gharama haiondoki. Inabaki kwa zahanati au hospitali iliyomhudumia. Glavu zimetumika, kitendanishi cha maabara kimekwisha na dawa imetoka stoo, lakini hakuna aliyelipa. Kadiri kituo kinavyohudumia wenye msamaha wengi, ndivyo uwezo wake wa kununua dawa unavyopungua. Mwisho wake mzee huandikiwa dawa bure na kuambiwa akanunue dukani. Haki yake ipo kwenye karatasi, ila haina mlipaji.

Tanga ni miongoni mwa mikoa iliyojaribu njia nyingine mapema. Kuanzia mwaka 2012, NHIF kwa ushirikiano na Serikali ya Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, iliendesha katika mikoa ya Tanga na Mbeya mpango uliojulikana kama Tumaini la Mama. Mjamzito wa kipato cha chini alipewa kadi ya bima iliyomwezesha kupata huduma za kliniki, za kujifungua na za baada ya kujifungua, na kaya yake ikaunganishwa na CHF.

Kwa mtazamo wa haraka mpango huo ungeonekana hauna haja, kwa kuwa huduma kwa mjamzito zilikwishatangazwa kuwa bila malipo. Tofauti ilikuwa katika njia ya fedha. Chini ya msamaha, mama asiyelipa ni mzigo kwa kituo. Chini ya kadi, mama huyohuyo asiyelipa ni mwanachama ambaye kituo kinamdai mlipaji wake. Mama haoni tofauti anapoingia mlangoni, lakini mfamasia anaiona anapoagiza dawa za mwezi unaofuata. Wazo hilo, kwamba asiye na uwezo apewe kadi yenye mlipaji nyuma yake badala ya msamaha mtupu, sasa limo ndani ya sheria ya nchi nzima.

Nani atamlipia asiye na uwezo

Muswada ulisomwa bungeni kwa mara ya kwanza Septemba 2022, Waziri wa Afya akiwa Ummy Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa Mbunge wa Tanga Mjini. Haukupitishwa mwaka huo. Miongoni mwa mambo yaliyohitaji kazi zaidi ni swali la fedha za kuwagharamia wasio na uwezo: zitatoka wapi, na zitakuwa za uhakika kiasi gani?

Sheria iliyopitishwa mwaka uliofuata ilijibu kwa kuanzisha mfuko maalumu. Vyanzo vyake ni pamoja na sehemu ya ushuru na tozo za soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha, vyombo vya moto na miamala ya kielektroniki, pamoja na fedha zitakazotengwa na Bunge. Baadhi ya vyanzo hivyo vina mantiki ya kiafya: soda na pombe zinahusiana na maradhi ambayo bima italazimika kuyatibu.

Kwa wengine, mchangiaji huandikishwa pamoja na mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Walio katika ajira rasmi huchangia kupitia mishahara, wakisaidiwa na waajiri. Walio nje ya ajira rasmi huchangia kiwango maalumu kwa mwaka. Usimamizi wa skimu zote, za umma na za binafsi, umewekwa chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Tanzania haiko peke yake katika njia hii. Rwanda ilianza majaribio ya bima ya jamii mwaka 1999 na kuieneza kwa wananchi walio wengi, ikitoza michango kulingana na hali ya kaya huku Serikali ikiwalipia walio maskini zaidi. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya ilibadili mfumo wake tarehe 1 Oktoba 2024, ambapo Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya mfuko wa awali, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya kipato chake. Kila nchi imekutana na kigingi kilekile: kumpata mchangiaji asiye na mshahara.

Msimu wa mchango

Kigingi hicho kinaigusa pwani kwa namna ya pekee. Fedha ya bima hudaiwa kwa mwaka, lakini fedha ya mvuvi huja kwa siku na ya mkulima huja kwa msimu. Kaya inayotakiwa kutoa mchango wote kwa mkupuo wakati wa kusi inaweza kushindwa, ilhali kaya hiyohiyo ingeweza kulipa bila shida baada ya mavuno au bahari inapotulia.

Kwa hiyo, halmashauri zinazopanga uandikishaji zina sababu ya kufuata kalenda ya wananchi: Muheza wakati wa machungwa, Lushoto na Bumbuli wakati mazao yanaposhuka sokoni, na kwenye mialo wakati samaki wapo. Vyama vya ushirika, vikundi vya kuweka na kukopa, na vikundi vya usimamizi wa fukwe vinaweza kukusanya kidogo kidogo na kulipa kwa niaba ya wanachama. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kiwe na mfuniko, yaani utunzaji wa fedha unaoaminika na stakabadhi kwa kila shilingi.

Utambuzi wa wasio na uwezo nao unahitaji uangalifu. Uzoefu wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umeonesha umuhimu wa mkutano wa kijiji, ambako majirani wanafahamu nani kweli hana kitu. Umeonesha pia kwamba orodha isiyohakikiwa hadharani huzua manung'uniko. Jina la mtu mwenye uwezo likiingizwa, fedha ya maskini imeliwa. Jina la maskini likisahauliwa, sheria haijamfikia.

Deni la kituo kwa mwanachama

Hoja zote zilizotangulia zinamtaka mwananchi achangie kabla ya kuugua. Zipo hoja zinazoitaka Serikali na vituo vyake vitimize upande wao, na upande huo una uzito uleule. Mwanachama anayefika zahanati na kadi yake halafu akaambiwa dawa hakuna, hatalipa mwaka unaofuata, na hatakosa kuwasimulia wengine. Katika CHF ya mwanzo, ukosefu wa dawa ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kaya kutorejea.

Maandalizi yamefanyika kwa miaka kadhaa. Vituo vya afya vimejengwa na kukarabatiwa, na huduma za upasuaji wa dharura kwa wazazi zimesogezwa karibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha vifo vya uzazi kupungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Mfumo wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo, unasaidia kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wanapopata dharura.

Hata hivyo, jengo haliponyi mtu. Kinachoponya ni mtaalamu aliyepo, kipimo kinachofanya kazi na dawa iliyo kwenye rafu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka katika jamii. Kamati hizo zina haki ya kujua kituo kimepokea kiasi gani, kimenunua nini na kinadai nini. Bima inapoongeza mapato ya kituo, kazi ya kamati inakuwa kubwa zaidi. Mwananchi anayehudhuria mkutano wa kijiji na kuuliza kuhusu taarifa ya zahanati anailinda bima yake kwa kiwango kilekile na anayelipa mchango kwa wakati.

Malipo ya madai nayo yasicheleweshwe. Kituo kilichomhudumia mwanachama na kusubiri fedha kwa miezi kadhaa kinarudi katika hali ileile ya msamaha: kimetoa huduma, na rafu iko tupu.

Mambo ya kuzingatia

Mwanachama anashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kufuata rufaa. Ngazi hizo zina sababu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ikijaa wagonjwa wa mafua na homa ndogo, aliyeletwa kutoka Kilindi kwa upasuaji atachelewa. Wagonjwa wanaohitaji ubingwa zaidi hupelekwa KCMC mjini Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa kila upande. Bima inaweza kulipia tiba, ila nauli na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa hubaki mzigo wa familia. Kwa sababu hiyo, kuimarisha huduma ndani ya mkoa ni sehemu ya kinga hiyo hiyo.

Inafaa pia kusoma kitita cha mafao kabla ya kuhitaji huduma: kipi kinalipiwa, katika ngazi ipi, na kwa masharti gani. Taarifa za wategemezi zihakikiwe mapema, hasa mtoto mchanga au mzazi mzee anayehamia nyumbani. Kadi isiazimishwe. Anayetumia kadi ya mwingine huchota katika mfuko wa kaya zote, na huacha kumbukumbu za tiba zisizo sahihi ambazo zinaweza kumdhuru mwenye kadi.

Jibu la swali la awali, basi, ni hili. Mzima anachangia kabla hajaugua kwa sababu siku akiugua mchango wake peke yake hautatosha. Atahitaji ya wenzake waliokuwa wazima. Wenzake nao watakubali kuendelea kuchangia ikiwa zahanati ya kijiji chao ina dawa siku wanapozihitaji. Sheria imekwishaandikwa na imewawajibisha wote wawili, mwananchi na mtoa huduma. Itapimwa katika zahanati za Mkinga, Pangani na Bumbuli, pale mgonjwa asiye na shilingi mfukoni atakapoonesha kadi yake na kuondoka akiwa na dawa mkononi.